Kimo cha Jicho: Safari ya Televisheni kutoka Unguja hadi Kilangali

Kilangali ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Ni nchi ya mpunga, na jina lake hutajwa zaidi na wakulima kuliko washairi, kwa sababu huko ndiko liliko shamba la kuzalisha mbegu za mpunga. Nyumba za wilaya hiyo, kama zilivyo nyingi za Tanzania Bara, ni za matofali ya udongo, mabichi au ya kuchoma, na mapaa yake ni ya bati. Runinga bapa inapoingia katika nyumba ya namna hiyo, pengine imepakiwa kwenye bodaboda na kuviringishwa blanketi, swali la kwanza si la idhaa gani itazamwe. Swali ni hili: itundikwe wapi, na kwa kimo gani?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni "juu". Fundi husimama, hunyoosha mkono, huweka alama ya penseli pale mkono unapofika bila ya taabu, na hapo ndipo hutoboa. Mwenye nyumba, naye akiwa amesimama, hutazama na kuridhika. Fundi akishaondoka, watu hukaa. Baba hukaa kitini, watoto hukaa sakafuni, na bibi hukaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha na mgongo ameuegemeza ukutani. Hapo ndipo hudhihirika kwamba ile alama ya penseli ilipimwa kwa macho ya watu wawili waliosimama, ilhali watazamaji wote ni watu waliokaa.

Kosa hilo halikuanzia Kilangali, wala si la fundi peke yake. Ni urithi. Televisheni ilipoingia Afrika Mashariki ilikuta tayari vipo vimo vitatu vya kuwekea kitu mbele ya macho ya watu: kimo cha heshima, kimo cha kusomea, na kimo cha umati. Kuna nyakati ilipowekwa kwa kimo kisichokuwa chake, na kila mara aliyeumia alikuwa yule yule aliyekaa chini. Sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita visiwani kabla ya kufika Kilosa, na kwa hiyo ni haki ianzie pwani.

*

Watu wa pwani walikuwa na elimu ya vimo muda mrefu kabla ya umeme. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka, yaani safu za vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, vikipandiana hadi karibu na boriti. Humo viliwekwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Kilichowekwa katika kidaka cha juu kilikuwa cha kutazamwa kwa mbali. Mgeni alikiona na kujua kwamba nyumba aliyoingia ina asili yake. Kilichohitajika kwa kazi ya kila siku kilikaa mahali ambapo mkono ulikifikia.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa msahafu, na haukuwa wa Lamu tu. Kila nyumba ya Kiislamu ya pwani, iwe ya mawe au ya udongo na makuti, huujua. Msahafu una vimo viwili. Ukifungwa, huwekwa juu, mahali palipo safi, pasipopitiwa na miguu wala kufikiwa na mtoto asiye na udhu. Hicho ni kimo cha heshima. Ukifunguliwa, hushushwa. Huwekwa juu ya marfaa, kile kiti kidogo cha mbao mbili zilizopishana, mbele ya msomaji aliyekaa mkekani. Marfaa ni fupi mno, lakini hutosha kwa kazi zake mbili: huuinua msahafu usiguse sakafu, na huuleta karibu na macho ya aliyekaa. Hicho ni kimo cha kusomea.

Hakuna aliyewahi kuhisi kwamba msahafu umevunjiwa heshima kwa kushushwa usomwe. Wazee waliotengeneza utaratibu huo walifahamu kwamba kitu kinachotazamwa kwa muda mrefu hakina budi kuletwa mahali jicho lilipo. Shingo ya mwanadamu huvumilia kuinama kidogo kwa saa nzima, lakini haivumilii kuinuka kwa saa nzima. Jicho lenyewe, likiachwa lipumzike, huelekea chini kidogo ya usawa wake. Mwanafunzi wa chuoni aliyesoma juzuu kwa juzuu mbele ya marfaa alijifunza jambo hilo kwa mwili wake, ingawa hakuna mwalimu aliyemweleza kwa maneno.

*

Kimo cha tatu, kimo cha umati, kililetwa na sinema.

Katika miaka ya 1920 Mwingereza mmoja, L. A. Notcutt, alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Alifikiri kwamba sinema ya shambani ingewaridhisha vibarua na kuwafanya watulie kazini. Fikira hiyo ilikua, na kati ya mwaka 1935 na 1937 yeye na wenzake waliendesha jaribio la filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi juu ya kilimo, afya, kodi na akiba ya fedha, wakazungusha lori lao Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali za kikoloni ziliendelea na magari ya sinema, Bara na Visiwani.

Kilosa ilikuwa wilaya ya mkonge. Mashamba ya Kimamba na kwingineko yaliajiri vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Ni hali kama hiyo ya shamba, yenye watu wengi, wageni kwa wageni, waliochoka na wasio na pa kwenda jioni, ndiyo iliyomtia Notcutt fikira ya sinema.

Kitambaa cheupe cha sinema ya wazi kilikuwa na sheria yake. Watoto walikaa chini mbele. Nyuma yao walikaa wanawake, na nyuma zaidi walisimama wanaume. Kitambaa kilipaswa kuonwa na aliyesimama nyuma kabisa, juu ya vichwa vya wote waliomtangulia, na kwa hiyo kilifungwa juu ya nguzo. Mtoto wa mbele aliinua shingo, lakini hakuumia sana, kwa sababu filamu zilikuwa fupi na gari lilikuja mara chache kwa mwaka. Kimo cha umati kilikuwa na sababu, na sababu ile ilikuwa umati wenyewe. Umati ukitawanyika, nguzo ziling'olewa na kupakiwa garini.

*

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, lakini ilianza kwa rangi, kabla ya nchi yoyote nyingine ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Mpango huo ulikuwa wa Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972 kabla ya kuuona ukitimia. Kituo kilifunguliwa katika uongozi wa Aboud Jumbe.

Serikali haikutegemea kwamba kila mtu angenunua seti yake. Ziliwekwa seti za kutazama kwa pamoja katika vituo vya umma, mjini na shamba. Mtu wa Makunduchi au wa Mkokotoni alitoka nyumbani baada ya sala ya Isha akaenda kutazama pamoja na jirani zake habari, taarab, michezo ya kuigiza na hotuba. Sanduku lenyewe lilikuwa dogo kuliko kitambaa cha sinema mara nyingi mno, na watu walikuwa wengi vilevile. Kama lingewekwa mezani, safu mbili za mbele zingeliona na waliobaki wangesikiliza tu. Likawekwa juu. Aliyewahi alikaa karibu na kuinua shingo; aliyechelewa alisimama mlangoni au dirishani, akaona vizuri kuliko aliyewahi.

Kwa hiyo watu wengi wa visiwani, na baadaye wa Bara, walionana na televisheni kwa mara ya kwanza ikiwa juu ya vichwa vyao. Kimo cha umati kilikuwa kimeanza kufanana na kimo cha heshima. Sanduku lililo juu, mali ya serikali, lisiloguswa na yeyote isipokuwa aliyekabidhiwa, na ambalo ndani yake viongozi husema, halikuwa mbali sana na picha ya rais iliyotundikwa ofisini. Mtu aliyelizoea hivyo angewezaje, siku atakapopata lake, kuliweka mahali pa chini?

Na bado, walipopata yao, waliyaweka chini. Sababu ilikuwa uzito. Televisheni ya zamani, ile yenye tumbo la kioo nyuma, ya inchi 21, ilizidi kilo 20. Haikuwepo skrubu ya kuaminiwa kuibeba juu ya ukuta wa chokaa au wa udongo. Ikawekwa juu ya meza fupi au ndani ya kabati la sebule, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pakawekwa maua ya plastiki. Katikati ya kioo chake pakawa karibu na usawa wa macho ya aliyekaa kitini, na si mbali na ya aliyekaa mkekani. Bila ya mtu kukusudia, televisheni ya nyumbani ikapata marfaa yake.

*

Bara ilisubiri. Serikali ya Julius Nyerere haikuanzisha televisheni. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo hicho ni ghali, kwamba kingewafikia watu wachache wa mjini wenye uwezo, na kwamba redio inamfikia mkulima kwa gharama ndogo. Hoja ilikuwa na uzito wake, na redio kweli ilifanya kazi kubwa. Lakini ukanda wa pwani unaoelekea Unguja haukuzuilika. Mawimbi ya Televisheni Zanzibar yalivuka bahari, na Dar es Salaam walikuwako watu walioinua antena zao juu ya milingoti mirefu ili wayadake. Macho hayana pazia, walisema wahenga. Kwa watazamaji wale kimo kilichohangaikiwa kilikuwa cha antena; sanduku lenyewe lilibaki mezani.

Kilangali haikuwa na antena wala sanduku. Na hapa historia ya mahali hapo na ya Unguja inaunganika kwa njia ambayo watu wa pande zote mbili huisahau. Mwaka 1975 kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, mkoani humo humo Morogoro, kilianza kuzalisha umeme. Upanuzi wake uliokamilika mwaka 1980 ulikifikisha kwenye uwezo wa megawati 204, na kwa wakati ule ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote nchini. Kidatu imeunganishwa na mji wa Kilosa kwa reli inayopita Mikumi. Mwaka huo huo wa 1980 waya wa umeme ulilazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba, Unguja.

Tangu hapo, seti za televisheni za Unguja zilipowashwa jioni, sehemu ya nguvu iliyoziwasha ilitoka katika mto wa Morogoro. Nguzo za chuma zilibeba umeme huo kupita juu ya mashamba ya watu waliokuwa wakiwasha vibatari. Mkulima wa vijiji vile aliinua kichwa akaona nyaya, na zilikuwa juu mno kwake. Hicho nacho ni kimo, na hakuna fundi wa kijijini ambaye angeweza kukishusha. Wakala wa Nishati Vijijini, uliopewa kazi ya kukishusha, ulianza kazi mwaka 2007, miaka 32 baada ya mitambo ya Kidatu kuanza kuzunguka.

*

Kabla ya nyaya kushuka, picha zilifika kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 masharti ya biashara yalilegezwa, na mashine za video zikaanza kuingia. Vikazuka vibanda vya video, mjini kwanza na kisha kwenye miji midogo ya reli na ya barabara kuu, vikiendeshwa kwa jenereta pale pasipokuwa na umeme. Mabenchi yalipangwa toka mbele hadi nyuma, na televisheni ikapandishwa juu ya rafu karibu na paa. Kimo cha umati kilirudi.

Kibandani alikuwako mtu mmoja ambaye historia ya fasihi ya Kiswahili bado haijampa nafasi anayostahili: mfasiri. Filamu za Hong Kong, India na Marekani zilikuja katika lugha zisizojulikana na watazamaji, na mfasiri, akiwa na kipaza sauti, alizieleza kwa Kiswahili zikiendelea kuonyeshwa. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa kwenye kanda na kusambaa nchi nzima. Mfasiri wa namna hiyo alifanya kwa maneno kazi ambayo marfaa huifanya kwa mbao. Kitu kilichokuwa juu ya uwezo wa mtazamaji alikishusha hadi pale alipokaa.

Mwaka 1994 zilianza televisheni za watu binafsi Dar es Salaam, miongoni mwao ITV, na mwaka 2000 ilizinduliwa rasmi Televisheni ya Taifa, ambayo baadaye ilikuja kuwa TBC. Baa na hoteli zikafuata. Humo televisheni ilitiwa ndani ya kizimba cha nondo, kikachomelewa juu ya pembe ya ukuta na kufungwa kufuli. Wateja walisimama na vinywaji vyao mkononi wakatazama mpira. Sababu zilikuwa tatu, na zote zilikuwa za haki: watu ni wengi, wengine wamesimama, na wezi wapo. Mtu yeyote aliyekuwa kijana wakati ule, awe wa Ng'ambo, wa Tanga au wa Kilosa mjini, picha yake ya mahali pa televisheni ilifanyika humo.

*

Kisha uzito ukaondoka. Runinga bapa, iliyoenea katika miaka ya 2000 na kushuka bei katika miaka ya 2010, ya inchi 32, ina kilo chache tu. Mtoto anaweza kuibeba. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Seti nyingi za zamani zikahitaji king'amuzi, na watu wengi wakaona bora kununua mpya kabisa. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kutundika televisheni kwenye ukuta wa nyumba ya kawaida, mahali popote. Uzito uliokuwa ukiwalinda watu ulipoondoka, kumbukumbu ilishika usukani. Runinga ikapanda pale ilipokuwa kibandani na baani, katika chumba ambacho hakina umati, hakina mtu aliyesimama, na ambacho mlango wake hufungwa kwa komeo usiku.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mzima aliyekaa mkekani macho yake yako kiasi cha sentimita 75 kutoka sakafuni. Aliyekaa kitini yako kiasi cha sentimita 110. Aliyesimama, yako baina ya 150 na 160, na hapo ndipo macho ya fundi yalipokuwa alipoweka alama, isipokuwa yeye hupenda kuongeza kidogo. Tuseme katikati ya runinga pawe sentimita 180, na chumba kiwe na nafasi ya mita tatu. Baba kitini atainua macho kwa nyuzi 13. Bibi mkekani atayainua kwa nyuzi 19. Mtoto aliyesogea hadi mita moja na nusu, kama wafanyavyo watoto wote, atayainua kwa nyuzi 35 au zaidi. Baba ataona kwamba runinga iko sawa, kwa sababu kwake ni karibu kuwa sawa. Ndiyo maana malalamiko ya shingo husikika zaidi upande wa mkeka, na ndiyo maana hayasikilizwi upesi.

Liko jambo jingine, la kioo chenyewe. Skrini nyingi za bei nafuu zilizouzwa katika miaka hiyo ni za aina ambayo picha yake huwa kamili kwa anayeitazama usoni tu. Anayeitazama kutoka chini huona picha ikiingia giza, na rangi nyingine zikigeuka kinyume cha zilivyo. Bibi anaposema kwamba runinga mpya haionyeshi vizuri, na wajukuu wakacheka kwamba macho yake yamezeeka, huenda macho yake ni mazima. Anachokiona yeye sicho wanachokiona walioko kitini. Chumba ni kimoja na runinga ni moja, lakini picha ni mbili, na ile iliyofifia imeangukia kwa waliokaa chini.

Nani aliyekaa chini? Katika nyumba nyingi, za pwani na za bara, ni wanawake, wazee na watoto. Ni watu ambao hoja ya Nyerere dhidi ya televisheni ilidai kuwatetea, iliposema kwamba chombo hicho kitakuwa cha wachache. Imechukua zaidi ya miaka 40, toka Kidatu kuzalisha umeme, kwa picha kupita reli, nguzo, vibanda na ving'amuzi hadi kuingia katika nyumba zao. Ingekuwa ajabu kama sehemu ya mwisho ya safari hiyo ndefu, ambayo ni mita moja tu ya ukuta, ndiyo iwashinde.

*

Mwenye nyumba wa Kilosa naye ana hoja zake, na hazifai kupuuzwa. Husema kwamba watoto watakipiga kioo kwa mpira. Husema kwamba mwizi atakibeba. Na husema neno ambalo mtu wa visiwani hawezi kulifahamu haraka: maji. Mto Mkondoa una historia ya kufurika. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalivunja kingo, yakakata reli ya kati, na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Aliyewahi kuona tope limechora mstari ukutani hupima kila kitu kwa mstari huo.

Hoja ya mwizi ni dhaifu, kwani mwizi naye hujua kupanda kiti. Hoja ya mtoto ina nguvu kwa mwaka mmoja au miwili, kisha mtoto hukua. Hoja ya maji ni ya kweli, lakini dawa yake imo ndani ya wepesi wa runinga yenyewe. Kitu cha kilo chache huchomolewa kwenye chuma chake kwa dakika moja na kupandishwa darini wingu likiwa baya, kama msahafu unavyorudishwa juu baada ya kisomo. Hakuna haja ya kuishi mwaka mzima kwa kimo cha mafuriko.

Ukuta nao una neno lake. Tofali bichi halishiki skrubu. Litashika mwezi mmoja, kisha udongo utaanza kumomonyoka kuzunguka tundu, na siku moja runinga itashuka yenyewe. Katika nyumba ya tofali bichi meza fupi imara ni bora kuliko chuma cha aina yoyote. Penye tofali la kuchoma au saruji, skrubu ishike tofali lenyewe, si udongo wa kiungo. Na pale ambapo mlango, dirisha au kitanda kinalazimisha runinga iwe juu, basi kitumike chuma kinachoweza kuinamishwa, ili uso wa kioo uelekee chini kwa watazamaji, kama mkubwa anavyomwinamia mtoto anayezungumza naye.

Penye hiari, kipimo hakihitaji kitabu. Runinga ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40. Katikati yake pakiwekwa sentimita 95 kutoka sakafuni, ukingo wake wa chini utakuwa 75, sawa na macho ya aliyekaa mkekani, na wa juu utakuwa 115, juu kidogo ya macho ya aliyekaa kitini. Bibi atainua macho kidogo, baba atayashusha kidogo, na wote wawili watakutana katikati. Aliye juu mngoje chini, wasema watu, na kwa kawaida husemwa kwa kijicho. Hapa inaweza kusemwa kwa wema.

Kilichobaki ni utaratibu wa kazi. Fundi akija Kilangali, au Makunduchi, au Lamu, kwanza utandikwe mkeka mahali pake pa kila siku. Bibi aombwe akae kama anavyokaa jioni, na fundi naye akae chini kando yake, atazame ukuta kutoka hapo. Wakishakubaliana, ndipo penseli itolewe.